Kuota huku unajua unaota: njia ipi ikufae?

Nilikuwa nimekaa barazani kwa bibi, Tanga, naye anapepeta mchele. Nikaisoma kanga aliyojifunga: *Japo sipati tamaa sikati*. Paka akapita, nikamfuata kwa macho, kisha nikairudia kanga. Maneno yamebadilika. Herufi zipo, ila zimekaa ovyo kama mchanga uliochakurwa na kuku. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba bibi tulishamzika. Nikasema, "Shikamoo bibi. Mimi hapa naota." Akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," akaendelea kupepeta kana kwamba nimemwambia mvua itanyesha.

Haikufika dakika mbili, ikayeyuka. Ilikuwa Ramadhani, nimekula daku na kurudi kulala, wala sikuwa nimefanya zoezi lolote. Tangu siku hiyo nimezijaribu njia zote ninazozijua za kuirudia hali ile kwa makusudi, nyingine kwa miezi, nyingine kwa siku mbili tu nikazitupa. Nimeziweka hapa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya anayetaka kujua aanzie wapi.

Jambo lenyewe ni la kweli?

Ni la kweli, na limepimwa. Tunapoota sana, mwili unalegezwa wote isipokuwa misuli ya kupumulia na ya macho, na macho hayo huchezacheza chini ya kope. Usingizi huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1953 na Aserinsky na Kleitman huko Chicago. Tarehe 12 Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikuwa amepatana na Alan Worsley kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio. Mashine ikaandika mistari ile huku vipimo vingine vikionyesha kwamba Worsley amelala fofofo. Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, akafika palepale kwa njia yake mwenyewe miaka michache baadaye. Na mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walichapisha kazi ambayo kwayo watu waliolala waliulizwa hesabu ndogondogo, mfano nane kutoa sita, nao wakajibu kwa kuchezesha macho mara mbili. Si wote walioweza. Majibu sahihi yalikuwa kama 18 katika kila maswali 100. Lakini hata moja tu lingetosha kunifumbua mdomo.

Wengine huziita ndoto angavu, mimi nazoea kusema ndoto za kujitambua. Kwa hesabu zilizokusanywa kutoka tafiti za miaka mingi, zaidi ya nusu ya watu wamewahi kupata angalau moja maishani, na karibu robo hupata mara moja kwa mwezi au zaidi. Kwa hiyo huenda nawe umeshaipata ukaisahau kabla ya chai.

Na hapo ndipo penye kazi ya kwanza.

Daftari: hili halina mbadala

Njia zote nitakazozitaja zinamdai mtu awe anazikumbuka ndoto zake. Mtu anayeamka kila siku akisema "mimi siotagi" anaweza kujitambua ndotoni usiku kucha asijue. Mfaransa Hervey de Saint-Denys, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1867, alianza kuandika ndoto akiwa na miaka 13. Frederik van Eeden, daktari wa Uholanzi aliyelipa jambo hili jina la kitaalamu mwaka 1913, alikuwa ameandika ndoto 352 za namna hii kati ya 1898 na 1912.

Kuna watu wanaotumia simu. Nimejaribu. Kuandika kwenye simu kulinishinda ndani ya wiki moja, kwa sababu ukiiwasha tu unakuta ujumbe wa kikundi cha harusi, michango imefika wapi, na ndoto imekwenda zake. Kujirekodi sauti ni bora zaidi ukiwa unalala peke yako. Ukiwa na mwenzako kitandani, kumnong'onezea mtu asiyeonekana saa kumi za usiku kutazua maswali. Daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi ndiyo iliyonifaa. Usifumbue macho haraka, usigeuke, jiulize "nilikuwa wapi sasa hivi?" na uandike hata neno moja: *ngazi*, *mjomba*, *maji ya chumvi*. Neno moja huvuta mengine.

Najua wapo watakaosita. Tumelelewa kwamba ndoto mbaya haisimuliwi. Mimi nimejiridhisha kwamba kuandika si kusimulia, na zile za kutisha naziandikia kichwa cha habari tu, basi.

Wiki mbili hivi za daftari, na utaanza kuona vitu vinavyojirudia. Kwangu ni bibi, ni basi linaloniacha, na ni nyumba yenye chumba ambacho sikijui. Hivyo ndivyo vya kuviwinda.

Njia ya kuhakiki mchana

Hii ndiyo utakayoambiwa kwanza kila mahali. Mjerumani Paul Tholey aliipa nguvu: mara kadhaa kwa siku unasimama na kujiuliza kwa dhati kama uko macho au unaota, halafu unapima. Mazoea ya mchana huingia ndotoni, na siku moja unajiuliza swali hilo ukiwa umelala, kipimo kinakataa, unagundua.

Vipimo havilingani ubora. Kubana pua na kujaribu kuvuta pumzi ndicho ninachokiamini: ukiwa macho huwezi, ndotoni hewa inapita tu, na mshangao wake hausahauliki. Kusoma maandishi mara mbili ni kipimo kizuri na kwetu kimerahisishwa, maana huendi hatua kumi bila kukutana na kanga, bango, au maneno nyuma ya daladala. Kuhesabu vidole kunanichosha. Ndotoni nimewahi kupata saba nikaona sawa tu, labda nimezidishiwa.

Swichi ya taa inasifiwa sana. Hearne yuleyule wa Hull ndiye aliyeandika kwamba ndotoni ukibonyeza swichi taa mara nyingi haiwaki inavyopaswa. Kwa mtu wa Hull, hiyo ni ishara. Kwetu sisi taa isipowaka unauliza jirani kama na kwake umekatika. Hiki kipimo tuwaachie wenyewe.

Uzuri wa njia hii: haikugharimu hata dakika ya usingizi. Ubaya wake: ukiitegemea peke yake, ni dhaifu. Denholm Aspy wa Adelaide, Australia, mwaka 2017 alilinganisha makundi ya watu, na waliohakiki mchana tu hawakupata faida ya kuonekana ndani ya wiki ya majaribio. Na nimeona kwa nini. Baada ya siku nne unabana pua huku unawaza nauli, na hilo ndilo linalohamia ndotoni: mtu anabana pua huku anawaza nauli. Ukitaka ifanye kazi, ihusishe na ishara zako, vile vinavyojirudia daftarini. Mimi nilipima kila basi lilipoondoka mbele yangu, si kila saa.

Njia ya daku na nia

Wataalamu huitaja kama vitu viwili. Kimoja ni kuamka baada ya saa tano hivi za usingizi na kurudi kulala. Kingine ni cha LaBerge, alichokichapisha mwaka 1980 na kinachojulikana kwa herufi MILD: kujiwekea nia ukiwa karibu kulala. Mimi naziona kama chai na sukari. Kila moja inanyweka kivyake, lakini nani anataka?

Sababu ya kuamka ni hii. Usingizi unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na katika kila mzunguko sehemu ya kuota inarefuka. Mwanzo wa usiku unapata usingizi wa pono na ndoto fupifupi. Karibu na alfajiri ndoto inaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Ukiamka saa kumi, ubongo ukapata mwanga kidogo wa ufahamu, kisha ukarudi kulala, unaingia moja kwa moja kwenye sehemu nono. Ndiyo maana ndoto za baada ya daku zina rangi, na ndiyo maana yangu ya kwanza ilinikuta pale.

Nilivyoifanya: nalala saa tano usiku, alamu saa kumi kamili, iko upande wa pili wa chumba ili ninyanyuke. Nakwenda msalani, nakunywa funda la maji, nasoma ndoto niliyoandika punde. Taa kubwa siwashi. Nikirudi kitandani nairudia ndoto ile kichwani, lakini safari hii naibadilisha: bibi anapepeta, nasoma kanga, *naota hapa*. Kisha najiambia, "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Siyo kama kasuku. Ni kama vile unavyojiambia "nikipita dukani nikumbuke chumvi" na kweli ukifika dukani chumvi inakujia. Ni kumbukumbu ya jambo lijalo, na hiyo hasa ndiyo LaBerge alikuwa anaitafuta.

Takwimu zake ndizo zinazonifanya niiweke mbele. Katika utafiti ule wa Aspy, walioziunganisha zote tatu, kuhakiki, kuamka na kuweka nia, walifanikiwa kwa kiasi cha 17 katika kila majaribio 100, na hiyo ni wiki ya kwanza tu. Lakini waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya kuweka nia walifikia 46. Hapo pameniokoa miezi. Nilikuwa nakaa macho saa nzima nikisoma, nikidhani bidii ndiyo dawa. Narudi kitandani macho yameng'aa kama ya bundi, nasikiliza jogoo mpaka kunapambazuka. Nilipopunguza nikakaa dakika kumi, mambo yakaanza kukaa sawa.

Gharama yake ni usingizi. Anayeingia kazini saa moja asubuhi na kulala saa sita usiku asiifanye katikati ya juma. Ijumaa na Jumamosi zinatosha. Anayeswali usiku au anayeamka kwa ajili ya alfajiri tayari analipa gharama hiyo. Kilichobaki ni nia na lepe la pili.

Njia ya hisi

Hii ni changa zaidi, ilianzia China, na huitwa SSILD. Unaamka vilevile baada ya saa nne au tano, unarudi kulala, halafu badala ya maneno unapitisha usikivu wako mahali patatu: macho yaliyofumbwa unaona nini, masikio yanasikia nini, mwili unahisi nini. Kwanza mizunguko michache ya haraka, kisha michache ya taratibu, sekunde ishirini au thelathini kila kituo. Halafu unaacha na kulala unavyolala siku zote.

Mwaka 2020 Aspy aliilinganisha na njia ya nia kwa watu 355 kutoka nchi mbalimbali, zikatoka sare. Kwa hiyo uchaguzi baina ya hizi mbili ni wa tabia yako. Kama wewe ni mtu wa maneno, anayejisemea kichwani, chukua nia. Kama kujirudiarudia kunakuamsha, au unajikuta unabishana na sentensi yako mwenyewe, chukua hisi. Mimi ilinilaza vizuri mno: ilikuwa dawa ya usingizi kuliko ya ndoto. Rafiki yangu mmoja fundi cherehani, ambaye nia ilimgomea kabisa, hii ilimkubali usiku wa tatu, akaniambia alijitambua kwa sababu cherehani ilikuwa inashona bila uzi.

Njia ya kuingia ukiwa macho

Vijana wanaipenda kuliko zote. Unalala chali, mwili unaachia, akili unaishikilia, na unaingia ndotoni bila kupotea hata kidogo, kama mtu anayepita mlangoni. Hujulikana kwa herufi WILD. Hakuna haja ya kugundua chochote, kwa kuwa hukusahau.

Ikifanikiwa ni kitu cha ajabu, sikatai. Mara ya pekee nilipoipata kikamilifu niliona vimulimuli, vikawa taa za meli, zikawa forodhani, nami nimesimama.

Lakini mlango wenyewe unapitia kwa jinamizi. Ule ulegevu wa misuli unaotuzuia tusirushe mateke tunapoota unakukuta ukiwa bado na fahamu. Unataka kugeuka, huwezi. Kifua kizito. Kuna mtu chumbani, una hakika. Masikio yanavuma. Kitaalamu ni kupooza kwa usingizini na huisha kwa sekunde au dakika chache bila kukudhuru, lakini jaribu kumwambia hivyo aliyekabwa. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoikumba Pemba na kuvuka Unguja, watu walihama vitanda wakalala nje kwa vikundi wamekoka moto, na wapo watafiti walioona katika masimulizi yale dalili zilezile za kukabwa usingizini. Huwezi kumlea mtoto kwa hadithi hizo halafu ukamwambia alale chali asubiri kifua kizito kwa utulivu.

Yalinikuta mara tatu mfululizo. Asubuhi nikamweleza shangazi, naye hakuniuliza habari za sayansi. "Mwanangu, umelala chali tena?" Nikakubali. "Si tulikuambia tangu mdogo ulale ubavu." Utafiti unamuunga mkono: kulala chali ndiko kunakokaribisha zaidi hali hiyo. Ikikukuta usipambane na mwili mzima. Pumua polepole, chezesha kidole kimoja cha mguu, kope, ulimi. Inaachia.

Kwa hiyo ukiniuliza, njia hii si ya kuanzia. Na kwa mtu ambaye jinamizi humtembelea mara kwa mara, naona ina ulazima mmoja tu wa kuijua: akijikuta tayari amekabwa, badala ya kuhangaika anaweza kujiambia "hapa nipo mlangoni," na kuiacha ndoto ije. Wapo wanaogeuza hofu hiyo kuwa usafiri. Mimi bado.

Vifaa na vidonge

Vifaa nitavipitia haraka. Tangu miaka ya LaBerge kumekuwa na barakoa za kulalia zinazohisi macho yanapochezacheza, kisha zinamulika taa nyekundu kidogo ili mwanga uingie ndotoni kama ishara. Tatizo ni kwamba ndoto ina ujanja wake: mwanga unakuwa taa za gari, unakuwa moto wa jikoni, unapita. Katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wametumia mlio: kabla ya kulala mtu anafundishwa kwamba mlio fulani maana yake *jitazame, je, unaota?*, kisha unachezwa kwa sauti ndogo akiwa ndotoni. Wazo hili ni zuri kuliko taa, ila linafanya kazi vizuri zaidi pale mtu mwingine anapotazama mashine na kujua lini umefika. Nyumbani ni rahisi kuishia kuamshwa. Fedha ya barakoa nunua daftari na ubaki na chenji.

Vidonge ni habari nyingine. Galantamini ni dawa ya wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. LaBerge na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 121 waliokuwa tayari wanapenda mambo haya: waliomeza kidonge kitupu 14 katika 100 walijitambua ndotoni, waliomeza miligramu 4 walikuwa 27, na miligramu 8 wakafika 42. Hakuna njia nyingine yenye namba za namna hii, na sitaficha. Lakini soma vizuri: wote waliamshwa usiku, wakakaa nje ya kitanda nusu saa, wakaweka nia. Kidonge kilipanda juu ya njia ya daku, hakikuchukua nafasi yake. Na ni dawa inayopunguza mapigo ya moyo, inayoweza kumsumbua mwenye pumu, inayochafua tumbo. Mimi sijaigusa na sitaigusa kwa ajili ya kuruka angani ndotoni. Ukiwa na matatizo ya moyo au pumu, usifikirie hata kidogo.

Na Watibeti?

Watibeti wana yoga ya ndoto, *milam*, mojawapo ya yoga sita za Naropa, mwalimu wa Kibudha wa India, karne nyingi kabla ya maabara yoyote. Sikuiweka kwenye mizani pamoja na nyingine kwa sababu haiendi mahali pamoja. Sisi tunataka kujitambua ili tufanye jambo ndotoni. Wao wanataka mtu aone kwamba na mchana nao umefumwa kwa uzi uleule. Hiyo ni njia ya dini yenye mwalimu wake. Kuikata kipande na kuitumia kama mbinu ya Jumamosi naona ni kama kuchukua udhu kwa sababu kuna joto.

Kwa nani ipi

Mwenye mtoto mchanga: usijiwekee alamu, mtoto anatosha. Kila anapokuamsha alfajiri, weka nia unapojilaza tena. Akina mama wa namna hii wana nafasi nzuri kuliko wanavyodhani, wakipata tu dakika za kulala.

Mwanafunzi wa bweni: daftari na kuhakiki. Alamu ya saa kumi kwenye chumba cha watu wanane itakutafutia maadui.

Mlinzi au muuguzi wa zamu za usiku: usingizi wako tayari una madeni. Lipa kwanza. Ukilala mchana na kuamka mwenyewe kabla ya wakati, hapo hapo jaribu hisi, bila kujilazimisha.

Anayesumbuliwa na ndoto moja ya kutisha inayojirudia, basi huyu ndiye nayemwombea afanikiwe kuliko wote. Nia ndiyo yake. Wakati wa mchana aiandike ndoto ile na kuipa mwisho mwingine, anayemkimbiza ageuke kuwa mtu wa kuulizwa "unataka nini?", na usiku aende na picha hiyo. Kuubadilisha mwisho ukiwa macho ni tiba inayotumiwa na wataalamu wa ndoto za kutisha, na inasaidia hata kama kujitambua hakukuja. Lakini kama ndoto hizo zimetokana na tukio zito, ajali, vita, kupigwa, asihangaike peke yake. Amwone mtu wa afya ya akili.

Na kuna ambaye namwambia aache. Aliyewahi kuugua ugonjwa unaochanganya yaliyopo na yasiyopo, anayesikia sauti, au ambaye akikosa usingizi siku mbili hali yake inapanda, huyo kuvunja usingizi na kujiuliza mchana kutwa "je, hii ni kweli?" si mchezo wake.

Swali la dini linaulizwa sana kwetu. Mimi si shehe wala mchungaji. Katika mafundisho niliyokuzwa nayo ndoto zimegawanywa tatu: bishara njema kutoka kwa Mungu, vitisho vya shetani, na mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Kwa hiyo ndoto za bibi na za basi lililoniacha nazihesabu katika fungu la tatu, na sitafuti utabiri humo.

Ukishaingia

Kosa langu la miezi yote ya mwanzo lilikuwa furaha. Unagundua, moyo unaruka, unaamka. Tulia kwanza. Mbinu mbili zinazotajwa zaidi ni kusugua viganja na kujizungusha papo hapo kama pia, na LaBerge aliona zote zinarefusha ndoto. Kusugua viganja ndiko kunakonikaa mimi. Joto lake unalihisi, na mradi unalihisi, bado umo. Kujizungusha kunabadilisha mandhari: naanza Tanga, nasimama mahali pengine kabisa, na mara nyingi nasahau kwamba naota. Usikodolee macho kitu kimoja, kitayeyuka. Usijaribu kuruka siku ya kwanza. Gusa ukuta, onja kitu, mwulize mtu jina lake.

Kwa sasa nafanya daku na nia mara mbili kwa juma, na kwa mwezi napata ndoto mbili, wakati mwingine tatu, wakati mwingine patupu. Juzi niliota niko dukani, kanga zimening'inia, nikasoma moja, nikatazama pembeni, nikairudia kwa makini. Maneno yalikuwa yaleyale, herufi kwa herufi. Nikaridhika kwamba niko macho, nikamlipa muuzaji, nikatoka, nikapanda basi lililokuwa linaendeshwa na bibi. Pua sikukumbuka kuibana.